Meza Mate, Mwanangu

Msomaji, tuliachana nikiwa kifungoni, mwaka wa arobaini na nane, siku kumi na mbili kabla ya kutoka. Kama gazeti hili umelikuta limefungia sukari dukani na huna habari yangu, nikupe kwa ufupi. Naitwa Yoramu, mkulima wa Mkonze. Nilimvunja mkono tarishi wa jumbe kwa mpini wa jembe, nikapewa miaka mitatu. Mwezi wa nane wa kifungo, mke wangu Zipora akafa kwa homa. Habari aliniletea askari aliyekuwa akigawa uji. Akasema, kisha akaendelea kugawa.

Mtoto tunaye mmoja, Ruthu, miaka minane. Anakaa kwa jirani yetu Mwantum, mama wa Kirangi anayeuza vitunguu sokoni. Lakini Mwantum si ndugu. Na sasa kaka yake Zipora ametokea Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge, anamtaka mtoto akamlelee wanawe. Tikiti ni ya Jumamosi. Wa kumzuia mjomba ni baba peke yake.

Na baba alikuwa atoke Ijumaa. Siku moja kabla.

Ila siku hiyo ilikuwa ya hisani, ile theluthi anayosamehewa mfungwa mtulivu. Mimi nilikuwa nimeshafanya fujo mara mbili. Bwana Jela, Mzungu mkuu wa gereza, aliniambia kwa kidole: ya tatu, theluthi yote inafutwa, nakaa mwaka mwingine. Mwaka mmoja kwenye mkonge, mtoto wa kike hajulikani tena yuko wapi.

Fujo zote mbili zilitokana na kitu kimoja: nondo.

Kila jioni saa kumi na moja, tukishahesabiwa, askari aliingia chumbani na kirungu, akagonga nondo za dirisha moja moja. Nondo nzima hulia sauti ya kujaa. Iliyoguswa na msumeno hulia kama chungu chenye ufa. Ndivyo wanavyomjua anayetaka kutoroka. Kazi ya dakika moja, wenzangu hata hawakugeuza shingo.

Mimi pigo la kwanza likigonga, mwili ulikuwa unaniacha. Mara ya kwanza nilimrukia askari. Mara ya pili niliupiga ukuta kwa kichwa mpaka damu ikaingia machoni.

Jioni ile ya siku kumi na mbili, aliyeniokoa ni Athuman, mfungwa mwenzangu wa chumba kimoja. Alinilalia juu, mkono wake mdomoni mwangu, mpaka askari akatoka.

"Umeniuma," akasema, akiangalia kidole chake.

"Nisamehe."

"Nyie Wagogo. Mkikosa ng'ombe wa kukimbiza mnakimbiza ukuta." Athuman alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, na Mrangi kwa Mgogo haachi utani hata kaburini. Kisha akakaa, akaacha kucheka. "Bwana, una mtoto anakungoja. Niambie hiyo fimbo ina nini."

Hakimu hakuniuliza hivyo. Yeye aliuliza kama nilipiga kwa fimbo au kwa mpini, na mara ngapi. Karani akaandika. Waliokuwa na kalamu wote waliuliza nimefanya nini, hakuna aliyeuliza nimefanywa nini. Na sishangai, maana walionifanya ni haohao, serikali ni ileile, bendera ni ileile.

Nikamwambia Athuman. Kabla yake aliyejua ni Zipora peke yake.

Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa amechukuliwa upagazi wa vita, hakurudi. Waingereza walikuwa wameshaingia Dodoma na Wajerumani wametoka, lakini tumbo lao lilikuwa moja. Wa kwanza alichukua ng'ombe, wa pili akachukua mtama. Mvua ikagoma. Ndio mwaka wa njaa kuu tunayoiita Mtunya.

Mama alikuwa amebakiza kilindo kimoja cha uwele, lile pipa la magome la kuwekea nafaka. Akakificha nyuma kabisa ya nyumba yetu ya tembe, kwenye banda la ndama, akajenga ukuta wa udongo na samadi mbele yake. Akaacha tundu dogo, wa kupita ni mimi tu. Matarishi wakionekana njiani, kazi yangu ilikuwa kuingia, kuvuta ngozi kuliziba tundu kwa ndani, na kukaa juu ya kilindo.

"Wakigonga, usikohoe," mama aliniambia. "Koo likiwasha, meza mate, mwanangu."

Wakaja wawili. Walikuwa na desturi yao: mmoja anapita na fimbo anagonga vilindo. Kitupu hulia, chenye nafaka hunyamaza. Aligonga vyote vya mbele, vikalia. Akaanza kugonga ukuta. Ko. Ko. Ko. Akawa anakuja upande wangu. Vumbi la pumba likaniingia kooni. Nikameza mate. Nikameza tena. Ya tatu hayakuwapo.

Nikakohoa.

Walibomoa ukuta kwa teke. Uwele wote ulikwenda kulisha wapagazi, ndivyo walivyosema. Mdogo wangu Nyemo alikuwa bado ananyonya, maziwa yakakauka. Mwezi haukuandama mara mbili, tukamzika. Mama hakunipiga. Siku ya kumzika Nyemo alinitazama akasema, "Si ungemeza mate, mwanangu." Basi. Hakulisema tena mpaka anakufa, na mimi sijaacha kulisikia.

Athuman akasogea karibu.

"Na yule tarishi wa jumbe?"

"Alikuja mwaka juzi kukagua akiba ya njaa. Akaingia na fimbo bila hodi, akagonga vilindo vyangu. Ruthu alikuwa pale pale, ana mafua. Fimbo ikagonga, mtoto akakohoa. Sikumbuki kilichofuata. Nakumbuka Zipora ananivuta shati, anasema, Yoramu, mwache, huyu siye yule."

Zipora, mke yule, alikuwa amenielewa. Tangu anaolewa aliwaambia watu wote wa Mkonze: kwa Yoramu hodi ni ya mdomo, mtu asigonge kitu. Watu walimcheka. Lakini waliitii.

"Mwaka uleule," Athuman akasema, "mimi nilikuwa na miaka saba. Mama alinipeleka kwa watu wenye mtama. Akaniambia, kaa hapa, narudi. Wakampa kibuyu kimoja, akaenda. Nilikaa kwenye kizingiti mpaka ndevu zikaota."

"Hakurudi?"

"Nimeoa mara tatu. Mwanamke akisema tu naenda sokoni, mimi nafungasha zake na zangu. Aliyenileta humu alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa kilabuni, akaniambia, hebu toka hapa. Maneno hayo tu, nikamuua." Akajikuna shingo. "Miaka ishirini. Imebaki kumi na moja."

Ndivyo tulivyokuwa. Watoto wawili wa Mtunya, wana mvi.

Siku ya pili yake Athuman alimvizia Afande Marko, askari wa zamu yetu ya jioni, mtu wa Singida, mzito wa mwili na mpole wa macho. Wakanong'ona kwenye mlango wa karakana ambako Athuman alikuwa akitengeneza zana. Jioni Marko akaingia, kirungu kwapani, akasimama mbele yangu.

"Huyu mtani wako kaniambia."

"Ndiyo, afande."

"Mimi nina watoto wanne. Wa tatu akisikia navua mkanda anajikojolea. Na siku hizi mkanda navua kwenda kulala tu." Akatazama dirisha. "Siku kumi na moja si nyingi. Nitaingia, nitasimama, nitatoka. Kitabuni nitaandika nimegonga. Lakini ukinisaliti, Yoramu, jela nitaingia mimi."

"Mungu akulipe, afande."

"Asinilipe. Anifiche."

Nikalala. Msomaji, tangu utoto sijapata kulala kama nilivyolala siku zile. Jioni Marko alikuja akasimama mbele ya nondo kama mtu anayesali, akatoka. Hata bakuli la uji nikaweza kulishika kwa mkono mmoja. Bwana Jela alinipita tukivunja kokoto akasema, "Wewe sasa mtu." Nikasema, ndiyo, Bwana. Miaka thelathini na sita, ndiyo kwanza nimekuwa mtu.

Jumapili Mwantum akamleta Ruthu. Siku za kuonana tulikaa pande mbili za waya. Mtoto alikuwa amekua, gauni lile alilolishona mama yake limefika magotini. Akanisalimu vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Unakula?"

"Nakula."

"Mjomba wako amekuja?"

"Amekuja. Ana saa ya mkononi." Akashika kijiti kilichokuwa chini, na kwa vile watoto ndivyo walivyo, akaanza kukipitisha kwenye waya. Tki, tki, tki.

Nilimkemea. Sikumbuki maneno, nakumbuka sauti, na nakumbuka wafungwa wa kulia na kushoto wamenigeukia. Ruthu alikitupa kijiti. Hakulia. Alisimama wima, mikono ubavuni, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Likapanda na kushuka tena.

Alikuwa anameza mate.

"Nani kamfundisha hivyo?" nikauliza.

Mwantum akamvuta mtoto kwenye khanga yake. "Nani amfundishe, baba Ruthu? Tangu siku ile ya tarishi mtoto huyu hakohoi mbele ya watu. Akishikwa na kikohozi anakimbilia nje, anajifunga mdomo kwa mikono. Nimemuuliza kwa nini. Anasema, baba alifungwa kwa sababu nilikohoa."

Nikaushika waya kwa mikono miwili. Nilidhani kilindo kile kilikuwa na mtoto mmoja ndani.

"Ruthu. Njoo hapa karibu." Akaja. "Si wewe. Unanisikia? Hukufanya kitu. Kohoa, mama. Kohoa nikusikie."

Akanitazama, akamtazama askari, akatikisa kichwa.

"Basi Ijumaa. Nikitoka Ijumaa tutakaa nyumbani, tutakohoa wote wawili mpaka majirani watuite wagonjwa."

Akacheka kidogo. Meno mawili ya mbele hayapo, nilikuwa sijui. Mwantum akainama kwenye waya, akanena chini kwa chini.

"Shemeji yako nimemwambia, baba mtu anatoka Ijumaa. Anasema wafungwa wote hutoka Ijumaa. Mimi nitakuja na mtoto hapa getini asubuhi. Usipotoka, baba Ruthu, sina neno la kumwambia yule mtu. Mimi ni jirani."

"Nitatoka."

Nilisema hivyo kwa kinywa kizima.

Alhamisi jioni, Marko ameshasimama na kutoka, jua bado liko dirishani, nikaenda kuanika kitambaa changu kwenye nondo. Nondo ziko tano. Nilipofika ya nne, kidole kikateleza. Nikanusa. Sabuni. Sabuni iliyokandwa na masizi, imepakwa kuizunguka nondo kama bangili. Nikaisukuma kwa ukucha. Chini yake palikuwa na mkato, umeingia mpaka unakaribia kutokea upande wa pili.

Nikageuka. Athuman alikuwa ameketi, ananitazama. Wenzetu wawili walikuwa wanacheza bao la kuchora sakafuni, hawana habari.

"Kaa chini, mtani," akasema taratibu. "Usiwape watu macho."

"Kumbe ulinitafutia huruma ya Marko ili upate dirisha."

"La. Wallahi, la. Nilikuombea kwa moyo mweupe. Siku ya tatu ndiyo nilipoona kwamba nondo hazigongwi. Nifumbe macho? Kumi na moja, Yoramu. Nitatoka hapa nimebebwa."

"Marko ana watoto wanne."

"Najua."

"Ameandika kitabuni amegonga. Wataanza naye."

Athuman akatazama kidole chake nilichokiuma, jeraha limekauka. "Mama yangu yuko hai. Nimeletewa habari na watu wa kwetu Kolo. Kipofu. Anakaa kwa binti yake. Nataka kumuuliza neno moja tu, kisha wanirudishe, wanipige, waninyonge. Nataka kumuuliza kama siku ile alikuwa anarudi kweli." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Wewe unatoka kesho. Marko ameshazoea kutogonga, mimi nitangoja wiki mbili. Hutaguswa. Unachotakiwa ni kunyamaza tu. Si kazi kubwa."

Kunyamaza tu. Aliyeniambia hivyo mara ya kwanza alikuwa mama.

Nilipima, msomaji, usinihukumu. Nikisema, Athuman anachapwa viboko na kuongezewa, na Marko anavuliwa kofia. Nisiposema, kesho namshika mwanangu mkono, na la Marko litakuja nikiwa mbali. Nikachagua mkono wa mwanangu. Nikaanika kitambaa changu juu ya nondo ile ya nne, nikakitandaza vizuri.

Ijumaa asubuhi wenzangu walitoka kwenda kokoto. Athuman akasema tumbo linamsokota, akaachwa chumbani. Mimi nikaitwa ofisini. Nguo zangu zikatolewa kwenye gunia, shati lileile, upande wa kulia limechanika pale Zipora aliponivuta. Sikuwa nimelishona. Nikalivaa.

Kutoka ofisini geti unaliona. Mwantum alikuwa amesimama, na Ruthu, na mbali kidogo mwanamume mwenye saa ya mkononi, anaitazama.

Bwana Jela alikuwa na karatasi mbili mbele yake, Marko amesimama pembeni amekakamaa. Akaiinua moja.

"Hapa nasema wewe hatari. Sikia fimbo, wewe kama simba." Akainua ya pili. "Hapa Marko naandika, siku kumi na moja yeye nagonga, wewe nyamaza kama kondoo. Kweli?"

"Kweli, Bwana," Marko akajibu kabla yangu.

"Basi ile dawa gani? Mimi nataka ona kwa macho. Kisha natia sahihi."

Akachukua bakora yake ukutani. Nilimtazama Marko. Alikuwa ametulia, maana yeye hakujua kitu cha kuogopa isipokuwa mimi. Alinikazia macho: vumilia, Yoramu, dakika moja tu.

Tukaingia chumbani watatu. Athuman aliinuka kutoka kwenye mkeka, mkono tumboni, na safari hii uso wake ulikuwa wa mgonjwa kweli. Bwana Jela akakivuta kitambaa changu, akakitupa chini.

"Simama hapa karibu."

Nikasimama. Kupitia dirishani nililiona geti. Ruthu naye akaniona. Akanyanyua mkono.

Bwana Jela akagonga ya kwanza. Jasho likanitoka, vumbi la pumba likanijia puani, pumba ya miaka thelathini. Sikusogea.

Ya pili. Nikashika pale shati lilipochanika. Huyu siye yule, Zipora alisema. Huyu siye yule.

Ya tatu. Mwili ulitaka kuniacha, nikaushika. Msomaji, niliushika. Bwana Jela alinitazama, akatabasamu, na Marko akashusha pumzi.

Akagonga ya nne.

Ikalia kama chungu chenye ufa. Mimi niliisikia mpaka kwenye meno. Marko aliisikia, nilimwona anaishiwa damu usoni. Bwana Jela hakuwa na sikio la kazi ile, alisita tu, kama mtu aliyekanyaga ubao uliolegea. Akaishika bakora katikati. Hakumwuliza Marko. Alinigeukia mimi.

"Wewe maisha yote naogopa hii sauti," akasema. "Wewe najua kuliko sisi. Ambia mimi, Yoramu. Hii ya nne nalia sawa na wenzake?"

Athuman alinitazama kama mtoto aliye kwenye kizingiti. Marko alikuwa anatazama sakafu. Kule getini mwanangu bado amenyanyua mkono, na nyuma yake mjomba wake amekaribia hatua mbili.

Koo likaanza kuniwasha.

Nikameza mate. Hayakushuka.